Basi Lisilosimama Kolo

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisafiri kwa basi kati ya Dodoma na Arusha, na nimeshajua mahali abiria wanapoanza kusinzia. Ni baada ya Kondoa mjini. Wakishanunua karanga na ndizi zao dirishani, mazungumzo hupungua, vichwa vinaegemea vioo, na waliobaki macho wanainamia simu. Hapo ndipo basi linapopita Kolo. Kando ya barabara kuna ofisi ndogo na kibao kinachoelekeza kwenye michoro ya miambani. Mara nyingi, hasa mwezi Juni, nimeona gari la wageni lenye mahema juu ya paa likikata kona pale na kushika njia ya vumbi kuelekea vilimani. Basi letu, limejaa wanafunzi wa likizo, linapitiliza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale Kolo mgeni amekuja kutoka Ulaya, amelala kwenye hema, ameona, amechora kwenye daftari lake, ameondoka. Mwenyeji mwenye miaka kumi na mitano kapita hapo amelala usingizi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Likizo ya Juni ya kijana wa sekondari isiishie yote kwenye tuisheni na simu. Walau siku tano ziwe za safari ya sanaa na utamaduni, huko nje: alale kwenye hema, achore kwa mkono wake, asikilize wazee, ajifunze wimbo wa watu wasio wa kabila lake, apande mlima kwa miguu kuitazama kazi ya waliotutangulia. Wako watakaosema hiyo ni anasa ya watoto wa matajiri. Nitaonyesha kwamba sivyo, maana nimejaribu.

Likizo isiyopumzisha

Mtaani kwangu Nkuhungu, Dodoma, shule zikifungwa Ijumaa, Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi watoto wale wale wanapita na mabegi yale yale kwenda tuisheni. Wanarudi saa nane mchana, wanakula, wanajitupa kitandani na simu. Jioni wanapata nusu saa ya kuchota maji na kuosha vyombo. Mwezi unaisha hivyo. Shule zinafunguliwa, na ukimuuliza mtoto likizo umefanya nini, anakutazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilo kwenye mtaala.

Siwalaumu wazazi. Najua mama anayeuza mboga za majani sokoni Majengo na kila jioni anatenga fedha ya hesabu na fizikia za mwanawe. Anaogopa mtihani wa kidato cha pili, anaogopa wa kidato cha nne, anaogopa mtoto kuzurura. Hofu yake ina msingi. Wenzetu wa Kenya walifika mahali pa kuandika katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kwamba masomo ya likizo ni marufuku, na bado huko wazazi na walimu wamekuwa wakitafuta njia za pembeni. Sheria peke yake haiwezi kuondoa hofu. Mzazi anahitaji kuonyeshwa kitu kingine cha kumpa mtoto, kitu anachoweza kukiamini.

Siku moja nilimuuliza binti wa kaka yangu, aliyekuwa kidato cha pili, michoro ya miambani ya Kondoa iko mkoa gani.

"Dodoma," akajibu bila kusita. "Ilitangazwa Urithi wa Dunia mwaka 2006."

Nikamuuliza kama ameiona.

"Kwenye kitabu, shangazi."

Jibu lake lilikuwa sahihi, na mtihani ungempa alama zote. Lakini kutoka kwao hadi Kolo hakufiki kilomita 200, na barabara ni lami tupu tangu ile ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018. Basi la asubuhi lingemfikisha kabla ya chakula cha mchana. Mtoto huyu anaishi mlangoni kwa urithi wa dunia nzima, na anaujua kama anavyojua mji mkuu wa nchi asiyotarajia kuikanyaga. Kusikia si kuona, na kusoma kitabuni ni kusikia tu.

Mambo haya si ya kuiga

Nikizungumzia kambi na safari za vijana, wengine hudhani naleta mambo ya Wazungu. Nawauliza: jando lilikuwa nini? Vijana walitolewa nyumbani, wakapelekwa porini majuma kadhaa, wakalala kwenye vibanda walivyojengewa mbali na mama zao, wakafundishwa nyimbo, vitendawili, mafumbo na adabu. Unyago ulikuwa na ngoma zake na michoro yake, na kwa makabila kadhaa ulikuwa na vinyago vya udongo ambavyo kila kimoja kilibeba somo. Wazee wetu walielewa kwamba kuna mambo kijana hayashiki akiwa kwenye mkeka wa nyumbani kwao. Ni lazima aondoke kwanza, aone njaa kidogo, baridi kidogo, na sauti ya mtu asiye baba yake.

Naomba nisieleweke vibaya. Sitetei ukeketaji, ambao umewaumiza wasichana wengi hata katika mkoa huu wangu, wala sitetei mafunzo yaliyowaharakisha watoto kwenye ndoa. Hayo yamepingwa na yaendelee kupingwa. Lakini tulipoyaacha, tuliacha pia kile kitendo cha jamii kumchukua kijana na kumwambia: twende, kuna jambo lako la kujua. Mahali pake hatukuweka kitu. Mwalimu Nyerere alipounda wizara mpya Desemba 1962, aliiita Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Aliweka mambo hayo mawili chini ya paa moja, na nadhani aliona sawasawa.

Siku tano Kolo

Juni mwaka juzi niliwachukua vijana tisa wa mtaani, wasichana watano na wavulana wanne, kati ya miaka kumi na minne na kumi na saba. Tulifuatana na mwalimu mstaafu wa sanaa na mama mmoja jirani ambaye alisema hawezi kumruhusu bintiye aende bila yeye. Nilimshukuru sana, kwa sababu yeye ndiye aliyetupikia na ndiye aliyewatuliza wasichana usiku wa kwanza fisi walipolia mbali.

Wasomaji wa pwani hawajui baridi ya huku mwezi Juni. Wakati Ulaya vijana wanatoka nje kwa sababu ya jua la kiangazi chao, sisi ni kipupwe: upepo unapiga mchana kutwa, nyasi zimekauka rangi ya mkate, usiku mtu anavaa sweta mbili ndani ya blanketi. Ni wakati mzuri wa kutembea. Hakuna mvua wala matope, na nyoka ni wachache kuliko masika. Simu tulizikusanya kwenye mfuko mmoja, kila mtu akawa anapewa yake saa moja jioni ili azungumze na nyumbani. Siku ya kwanza walinuna. Siku ya tatu wawili walisahau kuziomba.

Ofisini Kolo tulijiandikisha, tukalipa kiingilio, tukapewa mwongozaji, mzee mpole mwenye kofia ya barakashia. Kabla hatujapanda aliwaweka vijana kwenye kivuli akawapa masharti. Usiguse mchoro, mafuta ya mkono wako yanaula. Usiumwagie maji ili rangi iwake kwenye picha yako. Usiwashe moto chini ya mwamba. Usiandike jina lako. Kisha tukapanda kwa mikono na miguu, katikati ya mawe makubwa kama nyumba.

Tulipofika chini ya mwamba wa kwanza, vijana walisimama wakatazama, na mmoja akasema kile ambacho wote walikuwa wakikiwaza: "Mbona hakuna kitu?" Mzee hakujibu. Akakaa chini. Ilichukua kama dakika tano. Kisha binti mmoja akanyoosha kidole: "Ule si mguu wa twiga?" Akaonyesha mguu, ukatokea mgongo, ikatokea shingo. Halafu kila mtu akaanza kuona. Watu wembamba warefu, wekundu, wenye vichwa vipana kama nywele zilizotimka. Tembo. Swala. Juu ya wekundu, rangi nyeupe nene iliyopakwa na watu wa baadaye. Wataalamu wanasema kuta hizi zimechorwa kwa angalau miaka elfu mbili, na kwamba mapango na miamba yenye michoro katika eneo lote la Kondoa ni kati ya 150 na 450. Idadi kamili haijulikani hadi leo.

Mwalimu wetu mstaafu alikuwa na sheria moja tu: hakuna kupiga picha kabla hujachora. Kila mmoja achague mchoro mmoja, akae mbele yake saa nzima na penseli. Niliona ni ukali, lakini nilikuja kuelewa. Picha ya simu inachukua sekunde, na ukishaipiga jicho linaamini limemaliza kazi. Anayechora analazimika kuuliza: huu mkono umeishia wapi? Kwa nini huyu mnyama ana mistari tumboni? Aliyechora alianzia kichwani au mgongoni? Mwaka 1951 Mary Leakey alikuja maeneo haya akafanya kazi ile ile, akinakili michoro mmoja baada ya mwingine, na kazi hiyo ilitoka kitabuni mwaka 1983. Vijana walipoambiwa kwamba mtaalamu huyo naye alikaa kwenye jiwe na kalamu kama wao, migongo ilinyooka.

Mchoro uliowasumbua zaidi ni ule wa watu watano. Aliye katikati ameshikwa mikono kutoka pande mbili, wawili huku na wawili kule. Mary Leakey aliuona kama tukio la utekaji: mwanamke anaburutwa, na wa upande wa pili wanamng'ang'ania. Watafiti wengine wamesema hapana, hii ni ngoma ya tiba au ya kupandwa na roho. Mwongozaji aliwaeleza maoni yote mawili, kisha akawauliza wao. Sijawahi kusikia mjadala kama ule darasani. Mvulana mmoja alisema wanagombea mahari. Mwingine akasema wanamwokoa mtu anayezama. Binti wa yule mama jirani akatazama kwa muda mrefu, akasema taratibu: "Huyu ni mwali anatolewa nje. Wale wanamshika asianguke, maana hajaona jua siku nyingi." Mzee alivua barakashia yake akajikuna kichwa, akasema katika miaka yake yote ya kuongoza watu hajasikia hilo.

Je, binti yule alipatia? Hakuna awezaye kuthibitisha. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nilichokiona ni mtoto wa kidato cha tatu akitazama ushahidi uleule aliotazama mtafiti mkubwa, akitumia maarifa aliyoyapata kwa bibi yake, akatoa hoja ya kwake. Ni tuisheni ipi inayofundisha hivyo?

Siku iliyofuata tulifanya jaribio la rangi, mbali kabisa na miamba yenye michoro, kwenye mawe ya korongo lililokauka. Waliokota udongo mwekundu, ile ngeu ambayo maseremala wa zamani walitumia kupigia mistari, wakausaga juu ya jiwe. Sehemu moja wakachanganya na maji, nyingine na ute wa yai, nyingine na mafuta ya mbuzi yaliyobaki jikoni. Wakapaka kwa kidole, kwa unyoya, kwa kijiti kilichotafunwa ncha. Jioni, ile ya maji ilikuwa inapukutika ukiifuta. Ya mafuta ilikuwa imeingia ndani ya jiwe. Wakakaa kimya wakiitazama. Hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba watu wa kale walikuwa na sayansi.

Jioni ndizo zilizokuwa za wazee. Watu wengi hawajui kwamba hapa Kondoa na jirani zake ndipo mahali adimu barani Afrika ambapo jamii nne kubwa za lugha zinakutana ndani ya mwendo wa siku moja au mbili. Warangi wanasema lugha ya Kibantu. Waburunge ni Wakushi. Wabarbaig, upande wa Hanang, ni Waniloti. Na Wasandawe, ambao wengi wako sasa katika wilaya ya Chemba, wana lugha ya vidoko, ile sauti ya ulimi unaogonga kaakaa. Watafiti wengi wanaihusisha michoro myekundu na mababu wa Wasandawe na Wahadzabe, na Eric ten Raa, aliyeishi na Wasandawe, aliandika mwaka 1971 kwamba uchoraji wa miambani ulikuwa bado katika kumbukumbu za watu walio hai. Bibi mmoja aliyeolewa Kolo akitokea kwa Wasandawe aliwafundisha vijana kuhesabu kwa lugha yake. Walicheka mpaka machozi wakishindwa vidoko, naye akacheka nao. Asubuhi niliwasikia kwenye mahema wakijizoeza.

Mzee mwingine alitupeleka kuona makorongo ambayo mvua ilichimba ardhi ya Kondoa hadi ikabaki mifupa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Mzee alikuwa kijana wakati huo. Alieleza namna ng'ombe wa baba yake walivyoswagwa, na namna mama yake alivyokaa siku mbili bila kusema neno. Kisha akatuonyesha miti na majani yaliyorudi. Mwalimu hakuwaambia vijana wachore nini. Watano kati ya tisa walichora ng'ombe wakiondoka.

Mashimo chini ya mwamba

Kuna jambo lililoniuma Kolo, nalo ndilo linalonifanya niandike makala hii badala ya kukaa na kumbukumbu zangu. Chini ya baadhi ya miamba ile kuna mashimo. Yamechimbwa na watu walioamini kwamba Wajerumani, walipokimbia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walizika dhahabu humo. Watu wamekuja usiku na majembe, wakafukua tabaka za udongo ambamo wanaakiolojia wangesoma maisha ya maelfu ya miaka. Hapohapo juu ya vichwa vyao kuna michoro ambayo dunia nzima imeiandikisha kuwa mali ya binadamu wote. Na penginepo kuna majina yamekwaruzwa juu ya jiwe, herufi kubwa, za watu wa zama zetu hizi.

Nani anaandika jina lake juu ya mchoro wa miaka elfu? Nafikiri ni mtu aliyefika pale bila kuambiwa lolote. Hakuna aliyemkalisha chini dakika tano mpaka twiga atokee. Uzio hautoshi kulinda eneo la zaidi ya kilomita za mraba elfu mbili, wala mlinzi mmoja hatoshi, wala tangazo la faini. Watakaolinda ni watu wanaoishi karibu na watu wanaopita njiani, ikiwa wanajua kilichopo. Mvulana aliyekaa saa nzima akihangaika kuchora mguu wa nyuma wa tembo hataukwaruza mwamba ule, na akimwona mwingine anaukwaruza atamshika mkono. Hilo nalisema kwa yakini. Tulipokuwa tunashuka siku ya nne, mmoja wa wavulana wetu aliwakemea vijana wakubwa wawili waliotaka kuumwagia mchoro maji ya chupa. Hakutumwa na mtu.

Maswali ya wazazi

Nilipoanza kugonga milango kuomba watoto, nilikutana na maswali, na mengi yalikuwa ya haki.

La kwanza lilikuwa usalama wa wasichana. Sijibu swali hili kwa maneno matamu. Safari yoyote ya vijana inayoondoka bila mwanamke mtu mzima, bila mahema tofauti, bila orodha ya namba za wazazi na bila kituo cha afya kinachojulikana kiko wapi, isiondoke. Mzazi anayetaka kufuatana na mwanawe akaribishwe. Na anayekataa baada ya kuelezwa yote, aheshimiwe.

La pili lilikuwa gumu zaidi kwangu. Mzazi mmoja aliniambia hampeleki mwanawe kwenye mizimu. Ni kweli kwamba Mungomi wa Kolo ni mahali ambapo wenyeji bado huenda kwa matambiko ya mvua na uponyaji. Sikumficha. Nilimwambia mtoto haendi kutambika; anaenda kujua kwamba jirani yake anatambika, na kuvua viatu vya dharau anapoingia mahali pa mwingine. Katika basi letu walikuwamo Waislamu na Wakristo. Swala ziliswaliwa, sala zilisaliwa, na hakuna aliyebadilisha dini. Mzazi yule hakukubali mwaka ule. Nimesikia mwaka huu anauliza.

La tatu ni fedha. Kwa safari yetu kila kijana alichangia shilingi 70,000: nauli ya kwenda na kurudi, unga, maharage, mboga, kiingilio, mwongozaji na mafuta ya taa. Mahema tuliazima kanisani na kwa skauti. Tuisheni ya mwezi mmoja mtaani kwetu, kwa masomo matatu, haikuwa mbali na hapo. Vijana wawili ambao kwao hakukuwa na kitu walichangiwa na majirani, na mmoja alileta debe la mahindi. Nakiri kwamba kwa familia ya Dar es Salaam nauli inaongezeka, ingawa tangu treni ya umeme ilipofika Dodoma mwaka 2024 safari imekuwa fupi. Lakini si lazima kila mtu aje Kondoa. Kijana wa Lindi ana Kilwa Kisiwani, wa Iringa ana Isimila na Kalenga ya Mkwawa, wa Mwanza ana Bujora, wa Malindi ana magofu ya Gede, wa mashariki mwa Uganda ana miamba ya Nyero. Kila mmoja ana Kolo yake ambayo basi lake halisimami.

Na kuna swali la mavuno, ambalo watu wa mijini hulisahau. Juni huku kwetu ni mwezi wa kuvuna. Mtoto wa mkulima ni mikono ya nyumbani. Ndiyo maana nasema siku tano, nisiseme mwezi.

Tunaloweza tayari

Kila mwaka, katikati ya mwaka, nchi hii huwasafirisha maelfu ya wanafunzi kwenda kwenye michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Mabasi hupatikana. Walimu wa kuwasimamia hupatikana. Mabweni ya shule zilizofungwa hufunguliwa, sufuria kubwa huinjikwa, watoto wanakula na kurudi salama kwao. Hakuna anayeuliza kama mpira ni anasa. Basi nani atasema hatuwezi kuwapeleka vijana arobaini wa wilaya moja kwenye mwamba, na penseli na mwalimu? Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali na umeweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Masomo hayo yakifundishwa kwa ubao peke yake, tutapata watoto wengine wa kujibu "kwenye kitabu, shangazi."

Wapo wazazi wanaouliza sanaa itamlisha nini mtoto. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya ubao mwembamba. Alifariki 1972, miaka minne tu baadaye. Wanafunzi na ndugu zake waliendelea, wakaja kuunda ushirika mwaka 1990, na hadi leo kuna nyumba ambazo ada na chakula vinatokana na mtindo wenye jina la mtu huyo. Sisemi kila mtoto atakuwa Tingatinga. Kati ya tisa wangu, mmoja sasa anachora mabango ya maduka na kujilipia madaftari. Mwingine anataka kusomea akiolojia, na baba yake, dereva wa bodaboda, ameniuliza hilo neno linaandikwaje. Saba waliobaki wamerudi kwenye maisha yao ya kawaida, na mmoja wao amechukua daftari akaanza kuandika majina ya mimea anayotajiwa na bibi yake huko Bahi. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Halmashauri zina maofisa utamaduni, waulizwe Juni wanafanya nini. Misikiti na parokia zina vijana na zina mahema. Walimu wastaafu wako barazani wakiwa na maarifa yanayokauka. Na wewe mzazi unayesoma haya Jumapili, una muda wa kuanza kuweka kidogo kidogo kabla ya likizo ijayo.

Mabasi ya Kondoa hutoka Dodoma alfajiri. Kolo iko mbele ya Kondoa mjini, zaidi ya kilomita 20 kwenye barabara ya Babati, na ofisi iko kando ya njia. Mwambieni konda mapema, asije akapitiliza.